Gauni la Maua na Chupa Isiyotakiwa

Foleni ya duka la dawa mchana ule ilifika mlangoni, na watu wote walikuwa wamemsahau muuza dawa. Walimtazama fundi simu. Dume zima, ndevu tele, limevaa gauni la mkewe la maua mekundu juu ya suruali, na begani mtoto wa miezi minne analia hadi sauti inakauka.

"Nipe chuchu ya chupa iliyo laini kuliko hii," alinong'ona.

"Wewe si unazo, mama?" mtu akauliza nyuma yake. Foleni ikacheka.

Sauti iliyofuata angeitambua hata usingizini. "Baba Bonge, hilo si gauni langu?"

Alikuwa mkewe, msusi, amechomoka saluni kununua dawa ya kichwa, chanuo bado limechomekwa nyweleni. Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze, gauni na vyote.

"Wanasema mtoto akisikia harufu ya mama, atakubali chupa."

"Atakubali? Si uliniambia tangu Jumatatu anamaliza yote?"

Kila siku alimwambia hivyo. Msusi hujifungia stoo ya saluni, katikati ya maboksi ya nywele bandia, akikamua maziwa kwa mkono hadi vidole vinakufa ganzi. Kisha hupiga simu: "Amekunywa, mpenzi?" Na fundi hujibu, "Hadi tone la mwisho, asali wa moyo." Kumbe Bonge hufumba mdomo na kugeuza shingo. Fundi anayefungua simu za kila aina ameshindwa na chupa ya plastiki, angesemaje?

"Maziwa yangu yako wapi?"

"Nimemwaga. Kwenye sinki."

Msusi hakufoka. Afadhali angefoka.

"Siku tatu nalia stoo," alisema polepole. "Nilidhani mwanangu hanihitaji tena."

Lile gauni halikuwa aibu tena. Aibu ilikuwa hii.

Msusi aliketi kwenye benchi, akamnyonyesha Bonge. "Kesho usingoje alie," alisema bila kuinua macho. "Mpe angali anacheka."

Kesho yake, saa tano, simu iliita.

"Amekunywa?"

Fundi alitazama chupa. Neno "yote" lilikuwa limeshafika ulimini. Akalimeza.

"Vijiko viwili. Mengine yameishia kwenye gauni."

Akamsikia anacheka, mara ya kwanza wiki ile.

"Viwili vya kweli vinanitosha, mume wangu. Kesho vaa lile la bluu. Maua mekundu hayakupendezi."