Mshono Mwekundu

Zipu ya begi la kinanda ilipasuka katikati ya soko la vitambaa, Jumamosi, watu wakikanyagana kama siafu. Kijana aliyelibeba akalikumbatia kama mtoto anayeteleza mikononi.

"Usisogee!" Msichana mwenye gauni la kijani, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni, alichomoa sindano kwenye ukosi wake, uzi mwekundu ukiwa tayari tunduni. Akapiga magoti palepale.

"Dada, hapa mbele za watu?"

"Kwani kinanda chako kina haya? Shika hapo. Si hapo, hapo ni kidole changu."

"Basi nimeshika pazuri."

"Una maneno wewe! Unapiga wapi?"

"Harusini, kwenye kumbi za dansi, popote wanaponilisha."

"Na kanisani?"

"Huko hawajaniita."

Msichana ndiye aliyemwita. Kwaya ya vijana ilikuwa haina mpiga kinanda, na moyo wake nao ulikuwa na nafasi. Kabla mwezi haujaandama mara ya pili, yeye alikuwa Sindano, kijana alikuwa Vidole, na simu ililala kando ya cherehani kila alasiri.

"Nini kinalia huko nyuma, mpenzi?"

"Cherehani ya miguu. Ya marehemu mama."

"Imba ile zaburi tena. Mguu usiache."

Akaimba, mguu ukikanyaga: taka-taka-taa, taka-taka-taa.

"Sindano wangu, mguu wako unacheza dansi."

"Mguu wangu unatafuta riziki, bwana."

"Jumapili utamtafuta na Mungu."

Kitu kimoja tu msichana hakukisema nyumbani: Vidole na mdundo wao. Baba yake ndiye aliyekuwa mwalimu wa kwaya kuu, na kwa baba huyo wimbo wa Mungu ulisimama wima, mikono ubavuni. Alijiambia, baba akishausikia mdundo ule atalainika.

Jumapili ile Vidole aliipiga zaburi kwa mdundo uleule. Vijana walicheza, akina mama wakainuka na leso zao, hata mzee wa sadaka alionekana akitikisa bega. Mwalimu wa kwaya alikaa, midomo ameifunga kama mkoba.

Baada ya ibada, wazee walimketisha Vidole ofisini na kuwaita wanakwaya wote.

"Mdundo huu," aliuliza mwalimu wa kwaya, "umeuokota baa gani?"

Vidole alimtazama msichana, mara moja tu. Baba akalifuata jicho lile.

"Binti yangu, unamfahamu huyu?"

Wazee wote walimgeukia.

"Namwona hapahapa tu, baba. Na mdundo wake siujui."

Vidole akainuka. "Ni wangu peke yangu, mwalimu. Nisameheni." Alipopita mlangoni, ule mshono mwekundu kwenye begi jeusi ulipita mbele ya macho ya msichana kama kidonda.

Alipiga simu, haikupokelewa. Kwenye mazoezi wenzake walimcheka "mpiga baa" yule, naye akacheka pamoja nao. Hata cherehani ilimgeuka. Kila alipokanyaga, ilisema: siujui, siujui.

Alasiri moja baba alipita mlangoni pa chumba cha kushonea. Msichana hakuinua uso. Alikanyaga, akaimba ile zaburi mpaka sauti ikakatika.

"Baba, baa uliyoiulizia ni hii."

Mzee alishika fremu ya mlango.

"Mama yako aliimba hivyo hivyo," alisema. "Nikamwambia yaishie humu ndani." Akaingia ndani. "Ule mshono wa begi niliuona, mwanangu. Ni mkono wa mama yako, nawe alikufundisha. Nilijua unadanganya, nikamwacha kijana wa watu atoke na aibu yetu."

Baba na binti walimkuta Vidole ukumbini akiandaa vyombo vya muziki vya harusi, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mistari ikasimama. Wageni walikuwa wanaingia.

"Kijana," alisema mwalimu wa kwaya, kofia mkononi, "nilikuuliza baa gani. Ilikuwa nyumbani kwangu. Kama mdundo ule unafaa madhabahuni, tutabishana, nami sitakubali upesi. Lakini uongo haufai, na siku ile ndio tulioupandisha madhabahuni."

"Yamekwisha, mwalimu." Kisha akamgeukia msichana. "Dada, tunafahamiana?"

Msichana alitamani sakafu ipasuke immeze. "Nilikukana."

"Nilikuwepo."

"Nilikupigia simu."

"Niliiona. Niliiacha ilie, nikafanya mazoezi kwa mlio wake." Hakutabasamu. Begi la kinanda lilikuwa limefungwa kwa kamba, uzi mwekundu umefumuliwa wote, matundu ya sindano yamebaki kama alama za tetekuwanga. Akalisukuma mbele yake. "Shona upya. Ila hapa, mbele za watu."

Msichana alichomoa sindano kwenye ukosi, akapiga magoti katikati ya ukumbi. Maharusi walikuwa wameshafika mlangoni. Wageni walinong'ona, mmoja akauliza yule ni nani. Vidole akachutama, akashika kitambaa.

"Si hapo," alisema msichana, machozi yakidondokea uzi. "Hapo ni kidole changu."

"Najua," alijibu Vidole, na hakukiachia.