Nyumba ya Joji na Wote Waliomo

Harufu ya maziwa ndiyo iliyotangulia, tena saa kumi alasiri, jua likiwa bado linachoma, si gizani ambako watu hupenda kusingizia macho yao. Anyango alikuwa akianika nguo nyuma ya kota. Akasimama na shati la mumewe mkononi, akanusa. Maziwa mabichi, yenye joto, kama yametoka kwenye kiwele sasa hivi. Na katika uwanja ule hakuna ng'ombe aliyekanyaga tangu enzi za wazungu.

"Sylvance! Umenunua maziwa?"

"Ya nini? Si tumekunywa chai ya rangi?"

Wakacheka. Wangekuwa na akili wangefunga mizigo siku hiyo hiyo.

Nyumba yenyewe wengi wa mtaa wa Donholm hapa Nairobi wanaijua, ingawa wanaiona kwa juu tu, kutoka kwenye madirisha ya fleti zao za orofa ya tano, wakichungulia mambo wasiyoitiwa. Mzungu mmoja wa ng'ombe wa maziwa aliijenga zamani kwa mawe ya kuchonga, madirisha yamepangwa sawasawa kama vifungo vya koti, mlango katikati, na juu ya mlango kioo cha nusu duara. Nyuma kuna mazizi, banda la kukamia, ghala la nyasi, na mwishoni kabisa kota ya watumishi. Dalali aliyepewa kazi ya kuiuza, Wathome, mwanamume wa viatu vilivyochongoka na maneno mengi, alitangaza kwamba ni nyumba ya mtindo wa akina Joji waliokuwa wafalme Uingereza. Watu hawakushika habari za wafalme. Walimshika Joji. Ikawa nyumba ya Joji, na watoto wa fleti wakawa wanamwamkia Joji kupitia ukuta, "Joji, niaje!", wanakimbia.

Sylvance Omolo, mwandishi wa vibao vya maduka, ndiye ambaye Wathome alimweka kwenye kota pamoja na mkewe mpya, wailinde nyumba mpaka ipate mnunuzi. Dada zake Anyango walisema kwa husuda kwamba mwenzao kaolewa Ikulu.

Sasa, ile harufu ilianza siku gani? Siku ambayo Sylvance aliandika kibao cha getini. Kibao cha Kiingereza kilikuwa kimekaa mwaka mzima bila mtu kupiga simu, kisha akajitokeza mnunuzi, Bi Kathini, mwalimu mstaafu wa Kiswahili, na Wathome akaona amfurahishe.

"Fundi," alimwambia Sylvance, "andika kwamba inauzwa nyumba ya kale, na uwanja, na mazizi, na kota, na kila kitu kilicho ndani. Lakini usiniandikie Kiswahili cha Jericho. Mambo ya 'vitu zote zenye ziko ndani' sitaki. Huyu mama ni mwalimu. Andika sanifu."

"Boss, sanifu ndiyo yangu."

Uongo. Sylvance alizaliwa mtaa wa Jericho, akalelewa Jericho, na sanifu yake yote aliiokota kanisani wakati wa matangazo na sala. Alisimama nje ya geti na brashi yake, akakumbuka jinsi mzee wa kanisa huombea nyumba, sauti inatetemeka: nyumba hii na wote waliomo. Lo, hilo lilikuwa na uzito! Akaliandika kwa herufi kubwa nyeusi juu ya bati jeupe, akarudi nyuma hatua tatu kujisifu. INAUZWA. NYUMBA YA KALE, UWANJA, MAZIZI, KOTA NA WOTE WALIOMO.

Yeye alikuwa nje. Aliyekuwamo ni Anyango peke yake. Anyango, na yule mwingine.

Siku ya pili Anyango alibeba kikapu kwenda soko la Burma kununua matumbo. Baada ya dakika tano akarudi na kikapu kitupu.

"Vipi?"

"Nimesahau nilikuwa naenda wapi."

Siku ya tatu akasema miguu inauma. Siku ya nne Sylvance alimfuata kimya kimya, akamwona mkewe anatembea vizuri tu mpaka kwenye geti lililo wazi, na pale penye mstari wa kivuli cha geti akasita, shingo ikavutika upande, akageuka taratibu, kama ng'ombe aliyefika mwisho wa kamba.

"Anyango, mama, nani amekushika?"

"Sijashikwa," akajibu, akitazama chini. "Mimi ni wa hapa."

Saa kumi ilipofika harufu ikaja, nzito kuliko siku zote, na Sylvance akageuka kumwambia mkewe afunge dirisha akakuta kiti kitupu. Akasikia sauti kutoka banda la kukamia, chwii, chwii, chwii, sauti ya maziwa yakipiga ndoo ya bati, na akatembea kuelekea kule akijiambia ni bomba, ni maji, ni bomba limepasuka, akapita mazizi ambayo minyororo yake yenye kutu ilikuwa inacheza bila upepo, akachungulia kwenye ufa wa mlango, na kumbe Anyango amepiga magoti kwenye saruji, uso ameuegemeza kwenye kitu ambacho hakikuwepo, mikono yake inakama hewa, ndoo inajaa povu, na nyuma yake amesimama mtu mrefu ambaye kichwa kimepotelea juu kwenye mapaa, anampapasa mgongo polepole, jinsi mfugaji anavyompapasa mtamba anayeanza kuzoea, na chini ya suruali yake safi ya kaki hapakuwa na viatu wala vidole, palikuwa na kwato, zimepasuka katikati, zimelowa umande saa ambayo umande hakuna popote Nairobi.

Sylvance aligeuka. Alikimbia, suruali imelowa, na si kwa umande.

Mchungaji wake alikuwa safarini. Basi akaenda Pumwani, ameinamisha kofia asionekane na watu wa kanisa, mpaka kwa Bi Qamar, ajuza aliyetoa majini kwa watu wa dini zote na kusengenya dini zote sawasawa.

"Shikamoo, Bi Qamar."

"Marahaba, mwanangu. Wewe Mjaluo wa kanisani, leo umepotea njia?"

Alipomweleza, mzee aliacha mzaha. Wakafika pamoja siku ya Jumamosi, saa tisa unusu, na Bi Qamar akakataa kuingia. Akakikazia kibao macho.

"Macho yangu mabovu. Nisomee."

Sylvance akasoma. "Nyumba ya kale, uwanja, mazizi, kota, na wote waliomo."

"Naam," ikajibu sauti ya Anyango kutoka ndani.

"Naam," ikajibu nyingine, nzito, palepale nyuma ya ya kwanza.

Bi Qamar alimshika Sylvance mkono kabla hajaanguka. "Umesikia? Ulitaka kuandika vyote vilivyomo, ukaandika wote waliomo. Vyote ni meza na viti, mwanangu. Wote ni wenye roho. Yule alikuwa amekaa tu humo miaka yote, hana neno na mtu. Wewe umemwandika. Umemfunga kamba moja na mkeo, na mnunuzi akishasema ameichukua nyumba, mkeo ni wa nyumba mpaka afe."

"Mnunuzi anakuja leo! Saa kumi!"

"Basi futa. Yale maneno mawili. Usiongeze neno, usigeuze neno. Futa tu. Mimi nitaingia na ubani nimshughulishe."

Akaingia na chetezo chake kinafuka. Sylvance akakimbilia makopo yake. Kopo la rangi nyeupe lilikuwa kavu, limekwanguliwa. Wathome, aliyekuwa ameshafika kumsubiri Bi Kathini, akasema bila aibu, "Nilipaka fremu za madirisha, fundi. Zing'ae kidogo."

Sylvance akakwangua herufi kwa wembe. Rangi ya mafuta juu ya bati haikuachia. Honi ikalia barabarani. Ndani ya kopo la nyeusi palibaki tone la chini, la kutosha neno moja, na kwa hofu ile Sylvance akapata wazo, na wazo akaliona zuri kama lile la kwanza. Akaikata ile NA kwa mstari, akachora juu yake mshale mdogo kama walimu wanavyosahihisha, na juu ya mshale akabana neno: ISIPOKUWA.

Bi Kathini akashuka garini, akavaa miwani, akasoma kwa sauti ya darasani.

"Nyumba ya kale, uwanja, mazizi, kota, isipokuwa wote waliomo." Akatabasamu. "Hata kusahihisha mmesahihisha! Nyumba tupu kabisa. Hivyo ndivyo ninavyoitaka. Nimeichukua."

Minyororo ya mazizini ikatulia kwa mkupuo. Harufu ikakatika. Na Anyango akatokea kwenye njia ya kokoto, anatembea, anafuta mikono kwenye leso, akafika penye kivuli cha geti, akapita. Akapita! Sylvance akamkumbatia mbele ya watu, analia kama mtoto. Geti lilichelewa kidogo kujifunga nyuma yake, lakini ni geti la zamani, nani angeangalia geti?

Bi Qamar aliangalia. Alikuja mbio na chetezo kilichozimika, akakisogelea kibao mpaka pua ikakaribia kugusa bati.

"Nilikwambia ufute."

"Si ni mamoja, Bi Qamar? Ametoka!"

"Ametoka, ndiyo." Akawatazama wote wawili, kisha akatazama hewa iliyo pembeni ya Anyango, kuanzia chini kwenda juu, juu sana. Akajitanda buibui lake, akaondoka. Hata chai alikataa.

Walihamia Maringo, chumba kimoja, choo cha nje, majirani wasiokauka midomo. Anyango akanenepa, akaimba, akawa anaenda Burma kila siku na kurudi na matumbo yake. Wiki mbili Sylvance alilala usingizi wa mtu aliyeokoka.

Wiki ya tatu, alasiri moja, alirudi mapema kutoka kuandika kibao cha kinyozi. Mkewe alikuwa anamimina chai. Chai ya maziwa, nzito, ina utandu wa mafuta juu, na nyumbani hawakuwa wamenunua maziwa. Mezani palikuwa na vikombe vitatu.

"Cha tatu cha nani?" akauliza polepole, akijitahidi asitazame kiti cha pembeni, ambacho kilikuwa kimevutwa nyuma kuliko mtu wa kawaida anavyohitaji.

Anyango alimshangaa kweli kweli, birika mkononi.

"Wewe nawe, baba!" akasema. "Si tulitoka sote?"