Magunia Kumi ya Mlangoni

Maiti ilikuwa imelala kifudifudi chini ya lundo la magunia ya mahindi, mkono mmoja umenyooshwa mbele. Karibu na vidole lilikuwapo bambo, kile chuma chenye ncha na mfereji ambacho huchomwa kwenye gunia ili kuvuta punje za kupimwa. Chuma hicho ndicho kilichompa marehemu jina. Ghala zima lilimwita Bambo, na mnyapara wa makuli alipoulizwa jina lake hasa, ilibidi akune kichwa kwanza.

Inspekta alichuchumaa, magoti yakamlalamikia. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwepesi wa ulimi na mzito wa kuamini.

"Ameanguka," alisema mnyapara. "Au amejitupa, Afande. Mimi sisemi."

"Umeshasema. Kwa nini ajitupe?"

Mnyapara alitazama chini. "Watu walimwita muuaji. Mahindi ya lundo hili yalikuwa na sumukuvu, ile sumu ya ukungu. Mtaa mzima umeugua tumbo. Mtoto mmoja amekufa. Na kazi ya Bambo ilikuwa kupima."

"Mtoto wa nani?"

"Wa dada yake mwenyewe."

Inspekta aliinua kidogo ukosi wa shati la marehemu. Palikuwa na sindano imechomekwa, na uzi wa buluu ukining'inia.

"Na hii?"

"Akishachoma gunia, hufunga tundu kwa kishono kimoja cha uzi wa buluu, punje zisimwagike. Nadhifu kuliko mke wa mtu."

"Lundo hili alilichoma?"

"Hapo sasa! Mzigo huu ulishushwa nikiwa likizo. Makuli walikuwa vibarua wa siku moja, hata sura zao sizijui. Yeye alisema alichoma. Wengine wanasema alikaa kwenye benchi akanywa chai."

"Wewe unasemaje?"

"Siku zote alikuwa akituchosha, Afande. Alikuwa na kopo la vizibo vya soda, kila kizibo kina namba ya gunia. Anafumba macho, anachomoa. Namba ikitoka ya gunia lililo katikati ya lundo, basi ni hilo hilo, hataki jingine. Makuli walimtukana mpaka matusi yakawaishia. Lakini siku ile sikuwepo. Siwezi kuapa."

Inspekta alimwita sajini wake, kijana mrefu asiyependa vumbi. "Piga picha mikono ya hilo shati kabla mtu hajaigusa."

Juu ya viwiko, kushoto na kulia, shati lilikuwa na alama nyeupe. Vumbi la ghala ni la kijivu, chafu. Huu ulikuwa unga.

*

Daktari wa uchunguzi wa maiti hakuwa mtu wa maneno mengi. Fuvu lilivunjika kwa kugonga sakafu. Na kwenye mikono, chini ya zile alama nyeupe, palikuwa na michubuko ya vidole.

"Mtu anayejitupa hajishiki hapa," alisema.

"Wala anayeteleza," alisema Inspekta.

Kutoka hapo walikwenda kwa dada wa marehemu. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, safi mno, usafi wa mtu anayefagia kwa sababu hajui afanye nini kingine. Viatu vya mtoto vilikuwa bado mlangoni, kimoja kimelalia ubavu. Hakuna aliyethubutu kuvisogeza.

"Pole, mama," alisema Inspekta.

"Ya yupi?" aliuliza dada, bila hasira. "Maana ni wawili sasa."

Binti yake alikuwa na miaka minne. Walimwita Chiriku, kwa kuwa alikuwa haishi maneno tangu anaamka mpaka anasinzia na neno mdomoni. Mjomba wake ndiye aliyekuwa akimbeba mabegani jioni, wakizunguka mtaa mzima huku mtoto akitoa amri kama mkuu wa mkoa. Wiki mbili zilikuwa zimepita tangu wamzike.

"Mume wako yuko wapi?"

"Mashineni. Ndiye msagaji pale ghalani, mashine iko nyuma ya ukuta. Imefungwa na watu wa afya, lakini huenda kila asubuhi kuifagia. Hawezi kukaa humu."

"Yeye na kaka yako walikuwa wanasikilizana?"

"Walikuwa kama pua na mdomo. Tangu msiba hawajasemezana." Alijifuta uso kwa ncha ya khanga. "Inspekta, utamtafuta aliyemuua kaka yangu, najua ndiyo kazi yako. Mimi nina swali moja tu, na nikilipata jibu lake nitalala. Alichoma yale magunia au hakuchoma? Aliniapia kwamba alichoma. Nikamfukuza. Nilimwambia asikanyage kaburi la mwanangu. Kama alidanganya, nimelea nyoka. Kama hakudanganya..."

Inspekta, ambaye hakuwa mtu wa kuahidi, alijikuta ameahidi.

*

Msagaji aliletwa kituoni mchana. Alikuwa mtu mpana, nyusi zimeshika unga ambao hautoki hata kwa sabuni.

"Asubuhi ulikuwa wapi?"

"Mashineni. Nafagia."

"Kuna mlango mdogo kati ya mashine na ghala."

"Upo."

"Ulipita?"

"Sikupita."

"Shemeji yako alikuja kufanya nini?"

"Sijui. Nasikia mkemia wa maabara alimwita achukue sampuli upya."

"Unga ulifikaje kwenye shati lake?"

"Tulikumbatiana. Tumefiwa, Afande."

"Watu wakikumbatiana unga hubaki mgongoni. Huu uko juu ya viwiko. Vidole vinne mbele, dole gumba nyuma, pande zote mbili."

Feni ya ukutani ilizunguka ikilia. Kisha msagaji alipiga meza kwa kiganja.

"Mbona hamumuulizi yeye kwa nini hakuchoma?"

"Nani amekwambia hakuchoma?"

"Macho yangu! Kabla watu wa afya hawajafunga ghala na mashine nililetewa magunia kumi. Nimeyasaga kwa mikono hii. Baada ya maziko nikayarudia yale matupu, nikayageuza nje ndani, nikapapasa kila inchi. Hakuna uzi wa buluu hata mmoja. Kumi, Afande! Si moja, si mawili."

"Kumi kati ya mangapi?"

"Mia nne. Lakini ukionja mchuzi unamaliza sufuria? Kijiko kimoja kinatosha kujua hauna chumvi."

Inspekta alifunga daftari lake. Kwa kweli alimwonea huruma, na huruma ikiingia katika mahojiano huwa mzigo.

"Mchuzi hukorogwa kwanza, baba," alisema polepole. "Hayo magunia kumi yalikorogwa na nani?"

Msagaji hakuelewa.

"Yalitoka wapi kwenye lundo?"

"Pale mlangoni. Kona ya karibu na mashine. Makuli huchukua ya karibu, nani atakwenda kuvuta ya mbali?"

Inspekta alisimama. "Sajini, tafuta makuli. Lundo lote lishuke."

"Yote, Afande? Mia tatu na tisini? Si tuchukue machache tu ya..."

"Machache ndiyo yaliyotufikisha hapa."

*

Asubuhi iliyofuata walikusanyika ghalani. Msagaji alikuwapo, sajini ubavuni mwake. Dada alikuwapo pia, kwa kuwa aliomba, na Inspekta hakuona kwa nini amnyime. Mkemia alikuja na koti lake jeupe, macho mekundu. Alikuwa amefanya kazi na marehemu miaka mingi.

"Mimi nilipokea punje," alimweleza Inspekta. "Kwa lundo la mia nne tunachoma ishirini, kila gunia lina nafasi ya kuchaguliwa sawa na jingine, ndiyo maana ya vile vizibo vyake. Punje zinachanganywa, nami ninapima. Nilipima. Zilikuwa safi. Lakini punje hazisemi zimetoka gunia gani. Angeweza kuzichota zote kwenye gunia moja la mlangoni, mimi nisijue."

"Leo tutajua," alisema Inspekta.

Makuli walianza na la juu kabisa. Gunia la kwanza halikuwa na kitu. La pili nalo hivyo hivyo. Msagaji alikunja mikono kifuani. Kisha, kutoka juu ya lundo, usawa wa mahali maiti ilipokuwa imelala, kuli mmoja alipaza sauti.

"Uzi!"

Walilishusha taratibu wakaliweka pembeni. Kishono kimoja cha buluu, kimekazwa vizuri, ncha zimekatwa sawasawa. Dada alipiga magoti kando ya gunia lile akaweka kidole juu ya uzi. Machozi yalimtoka na alikuwa anatabasamu, nayo ilikuwa sura ngumu kuitazama.

Kazi iliendelea. Vumbi lilijaa hewani, sajini akapiga chafya mpaka makuli wakamcheka. Kisha "Uzi!" tena, upande wa ukuta. "Uzi!" kwenye safu ya chini kabisa. Mengine mawili yalitoka tumboni mwa lundo, mahali ambapo mtu mvivu asingefika hata kwa kulipwa. Kila sauti ilipotoka, mikono ya msagaji ililegea kidogo, mpaka ikaning'inia. Katika uzi wa kumi na mbili alikaa sakafuni.

Adhuhuri lundo lote lilikuwa limeshuka. Nyuzi zilikuwa ishirini.

"Sasa mbona watu wameugua?" aliuliza mnyapara. "Mbona mtoto amekufa?"

Mkemia alikuwa kwenye kona ya mlango wa mashine, ameinama juu ya magunia matatu yaliyobaki pale. Midomo ya magunia hayo ilishonwa kwa kamba ya katani, wakati mengine yote yalishonwa kwa nailoni. Alifungua moja. Harufu ya ukungu ilitoka kabla hajaingiza mkono.

"Haya si ya mkulima yule yule," alisema. "Lazima dereva alizoa mzigo wa mtu mwingine njiani, akauweka nyuma ya lori. Magunia kumi na matatu, maana hata yale matupu ya mashineni yana katani hii hii. Kumi yakaenda kusagwa, matatu ni haya. Laiti tungejua kuna makundi mawili, kila kundi lingechomwa peke yake. Hakuna aliyetwambia."

"Na vile vizibo ishirini havikugusa hata moja ya kumi na matatu?" aliuliza Inspekta.

"Havikugusa. Ilikuwa nusu kwa nusu, kama kurusha shilingi juu. Sampuli yake ilisema kweli kuhusu lundo. Kuhusu kona hii haikuwa na la kusema." Alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na uchafu. "Hakukosea kitu. Imetokea tu."

Inspekta alimgeukia msagaji. "Nawe uliona kona tu, ukahukumu lundo."

Mtu yule mpana alikuwa amejikunja sakafuni. Alipoanza kusema hakumtazama Inspekta, alimtazama mkewe.

"Nilisikia hatua zake nikiwa mashineni. Nikapita mlango mdogo. Nilitaka akiri tu, mama Chiriku, naapa. Aseme, 'Shemeji, nilikaa, sikuchoma.' Ningempiga kofi, tungelia, yangeisha."

"Akasema nini?" aliuliza Inspekta.

"'Nilichoma, shemeji. Nilichoma.' Neno hilo hilo. Nikamwambia nimekagua kumi. Akasema kumi si lundo. Mtoto wangu yuko ardhini, na yeye ananifundisha hesabu! Akapanda juu, nikamfuata. Nikamshika mikono. Nikamtikisa nikamwambia sema, sema." Alitazama viganja vyake. "Nikamsukuma."

"Kwa nini hukuweza kumwamini? Mlikuwa kama pua na mdomo."

Makuli walikuwa wametulia, wengine wamevua kofia.

"Kwa sababu mimi ndiye niliyesaga," alisema. "Mimi ndiye niliyebeba ule unga nyumbani. Chiriku aliniuliza, 'Baba, wa moto moto?' Nikamwambia ndiyo, mama, wa moto moto, nimekuchagulia mwenyewe. Kama si Bambo aliyemuua, basi ni nani? Amebaki nani, Afande? Nilihitaji awe yeye."

Sajini alimwinua, akamfunga pingu bila kumuumiza. Dada alikuwa bado amepiga magoti kando ya gunia lile la kwanza, kidole juu ya uzi. Inspekta alimsogelea.

"Uliniuliza swali moja, mama."

"Nimeliona jibu."

"Pole sana."

Dada alitikisa kichwa, kisha akainua uso na kumwita mumewe, ambaye alikuwa amefika mlangoni.

"Baba Chiriku. Alipanda juu kufanya nini?"

Msagaji alisimama. "Nilidhani ananikimbia."

"Hakukwambia kitu?"

"Aliniambia... njoo huku juu nikuonyeshe. Nikadhani ananizungusha."

Dada alilitazama lile gunia. Juu yake, kwenye vumbi, ilikuwa bado ipo alama ya soli ya kiatu cha kaka yake, na kishono cha buluu kilikuwa upana wa kiganja kutoka pale.

"Alikuwa amesimama juu yake," alisema. "Alikuwa anainama akuonyeshe."

Msagaji alishika mwimo wa mlango kwa mikono iliyofungwa. Sajini alimvuta kidogo, akashindwa kumsogeza, ikabidi mnyapara aje kumsaidia kumshika upande wa pili. Walipomtoa nje, dada alivua khanga yake ya mabegani, akaitandaza juu ya gunia, akalala juu yake kama anavyolala mtu juu ya kifua cha ndugu yake, na Inspekta akawaambia makuli waende wakale, watarudi baadaye.