Koo la Kipunji-Chuma

Kipunji-chuma alijitutumua juu ya mti, akafungua koo-umeme lake. Mlio ule, nusu mbweko wa mbwa nusu honi ya lori, ukaenea Mlima Rungwe mzima. Mara majani yakatikisika. Kima wa kweli, kipunji wa damu na nyama, wakaja mbio matawini, shungi zimewasimama utosini. Ndani ya behewa la angani, lililoning'inia kwenye waya, watalii wakapiga makofi.

Daktari Tumpale Mwaisumo, aliyesimama kwenye jukwaa la kushukia wageni, hakupiga. Mashine ile aliiunda yeye. Kipunji walikuwa wakishuka kuiba mahindi na kunaswa mitegoni. Naye, akijua kwamba kundi hufuata sauti ya dume linalolilinda, akaunda dume lisilokufa, liwaite warudi msituni. Mitego ikakaa mitupu. Kisha kampuni ya utalii ikainunua mashine, ikamwajiri na yeye aitunze.

"Leo wameitwa mara ngapi?" alimuuliza meneja, Bwana Kasebele.

"Kila behewa likifika. Wageni wametoka mbali, Daktari."

"Na hao kima watakula saa ngapi? Kipunji hushinda akitafuta majani, matunda, magome. Ukimwita kutwa, unamuua kwa njaa!"

"Mbona wazima tu?"

Tumpale akanyoosha kidole. Jike mmoja alikumbatia kitoto ambacho kichwa chake kilining'inia ovyo. Kilikuwa kimekufa, maziwa yalimkauka mama. Hata hivyo alikuja, maana dume limeita.

"Jamani, kamelala!" mtalii mmoja akasema, akapiga picha.

Hapo Tumpale akapandwa na mori. Akasukuma mlango wa jukwaa, akaukwea mti. Madume walipomwona anamwendea kiongozi wao, wakambwekea, wakamrukia. Mmoja akamng'ata kiganja. Hakurudi nyuma. Akatia mkono shingoni mwa mashine, akalinyofoa koo, akalivurumisha bondeni. Kundi likatimka, likatokomea msituni, yule mama akiwa nyuma kabisa na maiti ya kitoto chake.

Alishuka damu ikimchuruzika.

"Kazi huna tena!" Kasebele alifoka. "Na hao unaowapigania, umeona walivyokufanya? Sasa wanakuona adui!"

"Vizuri," Tumpale akasema, akijifunga mkono kwa mtandio. "Waniogope mimi, wakuogope wewe, wamwogope kila mwenye miguu miwili. Ningekuwa na akili, hilo ndilo ningewafundisha tangu mwanzo."