Mluzi wa Mchana

Katika nyumba ya fundi viatu hapakuwa na ufunguo hata mmoja.

Ulianza kupotea ufunguo wa chumba cha mtoto. Ukafuata wa jikoni, kisha wa mlango wa mbele. Fundi akanunua kufuli jipya. Kufuli likabaki, ufunguo ukaondoka. Sasa milango yote ilikuwa inarudishiwa tu, na upepo ukipenda, unaifungua.

"Labda ni panya," fundi alisema.

"Panya ana nyumba gani ya kufungua?" mke wake alijibu. Hakucheka. Zamani angecheka mpaka ashike mbavu.

Walikuwa na mtoto mmoja wa kike. Jina lake la nyumbani lilikuwa Kifungo, kwa sababu alipokuwa mdogo alimeza kifungo cha koti la mteja. Kifungo kilitoka chenyewe, jina likabaki.

Fundi alifanya kazi barazani, mbele ya nyumba yake. Mke wake alikuwa fundi cherehani katika karakana ya kushona sare. Lakini miezi kadhaa iliyopita karakana ile ilishika moto. Mlango wa nyuma ulikuwa umefungwa kwa kufuli, maana msimamizi aliogopa vitambaa kuibwa. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwake, na yeye alikuwa ametoka kwenda kunywa chai. Mke wa fundi alipita dirishani. Jirani yake wa cherehani, aliyeitwa Mama Mluzi kwa sababu alipiga mluzi huku akishona, hakuwahi kutoka.

Baada ya msiba, dada mkubwa wa fundi alikuja akaweka sheria. Kifungo alimwita Shangazi, na Shangazi akisema jambo, limekwisha.

"Humu ndani mtu asitaje moto," alisema. "Mtu asimtaje marehemu. Mtoto aambiwe amesafiri. Na hiyo cherehani ifunikeni. Asiyeona hakumbuki."

Walitii wote. Walitii kwa mapenzi. Cherehani ya nyumbani ikafunikwa shuka jeupe, ikageuzwa ielekee ukutani. Ukiitazama kutoka mlangoni, ilikuwa kama mtu aliyeinama akilia.

Hapo ndipo nyumba ilipoanza kuwa na mambo.

Mke wa fundi alipotembea, kitu kililia kwa mbali. Ting. Ting. Kama kijiko ndani ya kikombe. Akisimama, kinanyamaza. Fundi alitazama mikono yake, haikuwa na bangili. Alitazama shingo yake, haikuwa na mkufu. Akaogopa kuuliza.

Mchana mmoja fundi alikuwa anapaka gundi kwenye soli. Ng'ambo ya ua, dobi alikuwa anapepea makaa ya pasi yake. Kifungo alitoka ndani, akasimama karibu sana na baba yake.

"Baba, Mama Mluzi amerudi safari."

Brashi ya gundi ikasimama. "Nani kakuambia?"

"Namsikia. Yuko chumbani."

Fundi akatega sikio. Ni kweli. Ndani ya nyumba mtu alikuwa anapiga mluzi, taratibu, ule wimbo mfupi aliokuwa akiusikia kila alipompelekea mke wake mwavuli karakanani. Na mke wake hakujua kupiga mluzi. Hakuwahi kujua.

Akaingia. Chumbani mke wake alikuwa amesimama mbele ya lile shuka jeupe. Jasho lilimtiririka, na siku yenyewe ilikuwa ya baridi. Macho yalikuwa wazi, lakini hayakuwa yakitazama chochote kilichokuwamo chumbani. Mluzi ulikuwa unatoka mdomoni mwake.

"Mama Kifungo!" Fundi akamshika bega kwa nyuma.

Alipiga ukelele, akamsukuma mumewe mpaka akaangukia kabati, akakimbia nje pekupeku. Alipita katikati ya nguo za dobi. Kila hatua ililia: ting, ting, ting.

Habari zilimfika Shangazi kabla gundi haijakauka.

"Nyumba hii ina mtu," alisema akiwa hajaketi. "Marehemu hajaondoka. Amemwingia mkeo. Mtoto namchukua."

"Dada, subiri kwanza."

"Nisubiri nini? Amsukume na mtoto? Jumapili nakuja na begi lake."

Fundi aliinamisha kichwa. Hakusema ndiyo. Hakusema hapana pia, na mke wake, aliyekuwa amesharudi akasimama nyuma ya mlango uliorudishiwa, aliusikia ule ukimya.

"Wifi," alisema, sauti yake ndogo, "chukua vyote. Mtoto niachie."

"Jumapili," Shangazi alijibu.

Kesho yake muuguzi wa kituo cha afya alileta kiatu chake cheupe. Soli ilikuwa imefunguka kama mdomo.

"Kiatu hiki kina njaa," fundi alisema, akijaribu kutania.

"Kilishe basi. Mimi mwenyewe sijala tangu asubuhi."

Fundi akagonga msumari. Nyundo ikamponyoka, ikaanguka sakafuni kwa kishindo. Ndani, sahani ikavunjika. Mke wa fundi alitokeza mlangoni akihema, akaangalia kulia na kushoto, akarudi ndani. Ting. Ting.

Muuguzi hakucheka. "Shemeji huwa anashtuka hivyo siku zote?"

"Hajambo," fundi alisema haraka. "Amechoka tu."

"Si mchovu," Kifungo alisema kutoka nyuma ya kiti. "Ana Mama Mluzi ndani."

Fundi alitaka ardhi immeze. Lakini muuguzi alisogeza kigoda, akaketi kama mtu mwenye siku nzima. Kazi yake kituoni ilikuwa kuhudumia watu wenye matatizo ya akili na hisia. Akauliza polepole, na fundi, ambaye alikuwa amefunga mdomo kwa miezi, akajikuta anamwaga yote.

"Usingizi?"

"Anaamka akipiga kelele. Au halali kabisa."

"Hasira?"

"Kwa jambo dogo. Halafu siku nyingine yuko kama ukuta. Hacheki, halii. Pasi hataki kuiona. Njia ya karakana haipiti hata kama anachelewa."

"Na huo mluzi, huja lini?"

"Mchana."

"Kabla haujaja, kunakuwa na nini?"

Fundi akafikiri. Akanyanyua kichwa. Ng'ambo ya ua dobi alikuwa ameanza kazi. Pasi ilishuka kwenye shati bichi, mvuke ukapanda, na harufu ya kitambaa kilichopata moto ikavuka ua, ikaingia barazani.

"Mungu wangu," fundi alisema. "Ni pasi."

"Fundi, nisikilize. Sitasema kwa hakika mpaka nikae naye mwenyewe. Lakini hiki unachonieleza nakijua. Mtu akipita karibu na kifo, au akamwona mwenzake akifa, akili yake inaweza kubaki pale pale. Tunaita msongo baada ya kiwewe. Wengi hupata nafuu wenyewe baada ya muda. Kwa wengine mwezi unapita, miezi inapita, na mwili bado unapigana na moto uliozimika. Harufu moja, kelele moja, na mtu hakumbuki tu. Anarudi mle ndani. Anauona moto. Anamsikia mwenzake, mpaka mdomo wake unaufuata ule mluzi."

"Kwa hiyo si marehemu?"

"Marehemu amelala, mwacheni apumzike. Aliye na shida ni huyu aliye hai. Wala si wazimu, na si udhaifu. Mwanajeshi hupata, dereva hupata, mtoto hupata. Na hutibika."

"Sisi tulidhani tusipotaja atasahau."

"Mmemwacha peke yake na huo moto," muuguzi alisema. "Msimlazimishe kusimulia. Lakini akitaka, mlango wa maneno uwe wazi. Na ikimjia tena, usimshike kwa nyuma. Hata mimi ningekusukuma. Simama mbele yake, mbali kidogo. Mwambie wewe ni nani, yuko wapi, ni saa za mchana. Mwombe aguse kitu, akitaje. Atoe pumzi polepole. Na umlete kituoni. Akisema hata kwa mzaha kwamba bora afe, usingoje kesho."

Mke wa fundi alikuwa amesimama mlangoni. Hawakujua kwa muda gani.

"Ukija kituoni," muuguzi alimwambia, "utakaa karibu na mlango. Mlango utakuwa wazi. Hutasema usichotaka."

Mke wa fundi alisogea barazani. Aliketi sakafuni, akachukua mkasi mdogo, akageuza pindo la gauni lake. Akaanza kufumua uzi. Ufunguo wa jikoni ukaanguka. Ting. Ukaanguka wa chumba cha mtoto, na wa mlango wa mbele, na wa kufuli jipya. Alikuwa amezishona zote ndani ya pindo, kwa mishono midogo, mizuri.

"Mtu asiufunge mlango akaondoka na ufunguo," alisema. "Ndiyo sababu."

Fundi alilia hadharani, mteja akimtazama, na hakuona haya.

Jumapili Shangazi alikuja na begi. Fundi alimpokea mlangoni. "Mtoto haondoki, dada. Mama yake ameanza matibabu."

"Na jambo lolote likimpata?"

"Nipo mimi."

"Ulikuwepo siku ile ukaangukia kabati." Lakini aliketi, begi mapajani, akisubiri kuona.

Haikuchukua muda. Pasi ya dobi ilikuwa imepumzika, maana ilikuwa Jumapili, lakini mtu fulani mtaani alikuwa anachoma takataka. Moshi uliingia dirishani. Chumbani mluzi ukaanza, mwembamba, ule ule. Shangazi akasimama, begi likaanguka. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuusikia mwenyewe.

"Msikie," alinong'ona. "Msikie marehemu."

Fundi aliingia. Hakumshika mtu. Alizunguka mpaka akawa mbele ya mke wake.

"Mama Kifungo, ni mimi, mume wako. Uko nyumbani. Ni mchana. Moto ule ulizimika. Mlango uko wazi, unauona? Gusa ukuta. Ukoje?"

Mluzi ukaendelea. Fundi akasema tena, vilevile, bila kupandisha sauti. Mkono wa mke wake ukainuka kama mkono wa mtu anayelala, ukagusa ukuta.

"Ukoje?"

"Baridi," alisema. Mluzi ukakatika. "Una... una mchanga."

"Na nini kingine?"

"Soksi yako imetoboka."

Kifungo, aliyekuwa amesimama mlangoni, akacheka. Mama yake akamtazama, akamwona.

Jioni ile walimketisha mtoto, wakamwambia Mama Mluzi hakusafiri. Alifariki.

"Nilijua," Kifungo alisema. "Nyinyi ndio mlikuwa hamjui kama najua."

Matibabu hayakuwa uchawi. Kwa miezi mke wa fundi alikwenda kituoni kuzungumza na mshauri, kidogo kidogo, akiusogelea ule moto kwa maneno mpaka ukawa kitu kilichopita. Kwa muda alipewa pia dawa ya kumsaidia. Kulikuwa na wiki nzuri, na wiki ambazo hakutaka kutoka kitandani. Dobi alipoelezwa, alihamishia meza yake upande wa pili wa ua bila kuuliza swali la pili. Na mchana mmoja, baada ya mshauri kumwandaa vya kutosha, mke wa fundi alilivuta lile shuka jeupe kwa mkono wake mwenyewe. Chini yake palikuwa na cherehani tu. Akaipaka mafuta. Sasa anapokea nguo za watu nyumbani, na usiku mwingi analala.

Ndipo Shangazi alipoitisha kikao cha ndugu. Walijaa sebuleni, wengine wakaketi kwenye mikeka.

"Tunashukuru umepona," Shangazi alisema. "Lakini ulitutisha, wifi. Ulimsukuma mdogo wangu. Ulimtia mtoto hofu, ukatutia aibu mtaani. Omba radhi mbele ya ndugu, yaishe, na habari ya mtoto nisiitaje tena."

Wote wakamgeukia mke wa fundi. Mume wake akafungua mdomo. Mke akamzuia kwa kidole.

"Sijapona kabisa, wifi. Bado natibiwa. Kama ningeugua malaria, mngeniita hapa niombe radhi kwa kutetemeka?"

"Hayo ni mengine."

"Ni hayo hayo. Mtoto ni wangu, atakaa kwangu, na sitamnunua kwa radhi. Mume wangu nilimpa pole alipoangukia kabati, kwa sababu aliumia. Lakini kwa kuugua sikukosea."

"Kwa hiyo huombi?"

"Siombi."

"Mbele ya ndugu wote hawa?"

"Mbele ya wote. Siombi radhi."