Kitanda cha Mninga na Msamaha wa Kodi

Mwanamkuu alikuwa amekaa eda. Kila asubuhi alifagia chumba, akakunja mkeka wa wageni, akakaa nyuma ya pazia. Nje hakutoka. Mumewe, Lukumani, alikuwa seremala, na nusu ya mji wa Tabora ililala juu ya vitanda vyake. Sasa fundi mwenyewe alilala chini ya udongo, bila kitanda.

Watu walikuja kumpa pole, wakala pilau, wakaondoka. Halmashauri ya mji haikufika matangani, lakini nayo haikumsahau mjane. Ilimletea hati ya kodi ya jengo, ile kodi ambayo kila mwenye nyumba mjini huilipa halmashauri.

Selemani, mdogo wake marehemu, ndiye aliyemsomea. Mwanamkuu hakushtuka. Alisema vijana wa ofisini wamekosea. Nyumba ile ilisamehewa kodi tangu Lukumani alipozeeka, mikono ikaanza kutetemeka, akaacha kazi.

"Nyumba iliyosamehewa imesamehewa," alisema. "Iweke juu ya kabati."

Hati ikakaa juu ya kabati, imetulia kama mgeni mwenye adabu.

Hati ya pili haikuwa na adabu. Ilisema kodi isipolipwa kabla ya mwezi kwisha, shauri litakwenda mahakamani, na nyumba yaweza kuuzwa. Selemani aliuza dagaa sokoni, na dagaa hawajamtajirisha mtu. Alitembeza macho chumbani. Cha maana kilikuwa kimoja tu.

Kilikuwa kitanda cha mninga, miguu yake imekerezwa kwa ustadi. Lukumani alikitengeneza kwa ajili ya harusi yao. Watoto wao walizaliwa juu yake, na juu yake walifariki wangali wachanga. Na juu yake Lukumani alikata roho, mkono wake ukiwa umeshika mkono wa mkewe.

"Shemeji, ni kitanda au nyumba," alisema Selemani, akitazama sakafu.

Mwanamkuu akaanza kukunja shuka. "Ngoja nitoe godoro," alisema.

Mfanyabiashara mmoja wa Nzega akaja na lori. Kitanda hakikupita mlangoni, ikabidi kifunguliwe. Lukumani alikuwa amekiunga bila msumari hata mmoja, na wapagazi walihangaika kutafuta misumari isiyokuwapo. Marehemu angecheka sana. Mwanamkuu alisikia kila pigo la nyundo, akavuta ushungi wake usoni.

Jioni, Apolinaria, jirani yake, alikuja na bakuli la uji. Alikuwa Mkatoliki, mjane wa siku nyingi, na ulimi wake haukuwahi kumwogopa mtu. Aliliona godoro sakafuni.

"Kitanda kiko wapi?"

"Kimekwenda kulipa kodi."

"Selemani ameshalipa?"

"Atalipa kesho."

Apolinaria akaweka bakuli chini. "Kichwa chako kimejaa pamba, bibi wee. Na changu pia, maana sikukuuliza mapema."

Akamweleza taratibu. Msamaha ule haukuwa wa nyumba. Ulikuwa wa Lukumani, umeandikwa kwa jina lake.

"Siku aliyokufa, nao ukafa," alisema. "Sasa mwenye nyumba ni wewe. Uombe wa kwako."

"Hata mwanamke hupewa?"

"Kwani wanawake hawazeeki? Mimi nimepewa."

Alisema halmashauri humsamehe mzee anayekaa katika nyumba yake mwenyewe, asiyepangisha vyumba, na asiye na kipato. Kwanza balozi wa nyumba kumi amtambue. Ndugu wa marehemu nao waseme nyumba ni ya nani. Kisha maombi yaende ofisi ya kodi kabla ya siku ya mwisho. Hati haiwekwi kabatini kungoja mahakama. Na kila mwaka mtu huomba upya, kama mumeo alivyokuwa akiomba.

"Mimi sitoki," alisema Mwanamkuu. "Niko eda."

"Nani kakwambia utoke? Asiyeweza kufika humtuma balozi, na ofisi humfuata. Mama yangu walimfuata kitandani."

Neno hilo lilipotoka, wote wawili walitazama mahali palipokuwa wazi. Uji ukapoa.

Selemani alipoelezwa hayo, hakulipa. Alikwenda kwa balozi, Mzee Mayala, naye akamleta karani wa kodi. Wakakaa barazani. Mbele yao Selemani alisema kwamba ukoo umemwachia shemeji yake nyumba, na hakuna atakayeidai.

Karani alikuwa kijana. Akaliamkia pazia, "Shikamoo, mama." Pazia likaitikia, "Marahaba." Akauliza umri. Mwanamkuu alijibu kwamba reli ilipofika Tabora, yeye alikuwa tayari anatumwa kisimani. Mzee Mayala akathibitisha: hata yeye alimkuta amezeeka. Nyuma ya pazia kikasikika kicheko kidogo, cha kwanza tangu msiba. Kisha kidole gumba kikatoka chini ya pazia, kikapakwa wino, kikagonga karatasi, kikarudi ndani.

Eda haijaisha, jibu likaja. Mwanamkuu alikuwa amesamehewa kodi ya mwaka ule, kwa jina lake mwenyewe. Selemani akazichukua fedha za kitanda, akapanda lori kwenda Nzega kukikomboa.

Alirudi na fedha zilezile. Aliziweka barazani, mbele ya pazia.

"Nimekiona, shemeji. Kimeshauzwa. Nimekuta biarusi amekaa juu yake, miguu ina hina. Nikashindwa kufungua mdomo."

Pazia likasogea kidogo.

"Hakilii akikikalia?" Mwanamkuu aliuliza.

"Hakilii kabisa. Kimesimama imara."

"Basi mwache mtoto wa watu. Kilitengenezwa kwa ajili ya biarusi."

Siku hizi, mwanamke akifiwa na mume mtaani, Mwanamkuu hufika mapema. Hulia naye kwanza, maana kilio hakina haraka. Kisha humwuliza kwa sauti ya chini, "Msamaha wa nyumba una jina la nani?" Na akisikia ni la marehemu, humwita balozi kabla mtu hajatazama vyombo vya ndani.

Nyumba yake bado ni yake. Hulala juu ya godoro, kando ya ukuta mwingine. Pale pa zamani, miguu ya kitanda iliacha mashimo manne sakafuni. Watu humshauri ayazibe. Yeye huyafagia polepole, moja baada ya jingine, vumbi lisijae.