Mwalimu Koinet na Ng'ombe Walioanguka

Mwaka wa 2009 ukame ulikaza kweli. Nyumbani kwa Mwalimu Koinet, nje kidogo ya mji wa Kitengela, siku ilianza kwa kuinua ng'ombe. Walikuwa wamekonda hivi kwamba wakilala jioni, asubuhi hawawezi kusimama. Na ng'ombe asiyesimama hufa.

Basi Koinet alishika mkia, akavuta, akasukuma kwa bega, mmoja baada ya mwingine, peke yake. Kisha alikimbia shuleni kufundisha darasa la saba. Jioni alibeba maji, akakata matawi ya kuwalisha. Madaftari ya wanafunzi aliyasahihisha huko huko kwenye boma. Kula? Alikula akitembea, siku aliyokumbuka kula.

Mkewe, Soila, alimpenda sana, na ukaidi wake alikuwa ameuzoea. Lakini sasa alikuwa na hofu. Zamani Koinet aliwachekesha watoto hadi uji ukawapalia. Siku hizi aliwafokea kijiko kikianguka tu. Rachel, binti yao wa miaka sita, akisikia hatua za baba alijificha nyuma ya mlango. Soila aliona anampoteza mumewe hivi hivi, akiwa hai.

"Baba Rachel, ita Parsaoti akusaidie," alimwambia. Parsaoti alikuwa jirani yao.

"Nimuite aone nimeshindwa? Watu watasema mwalimu alipata mshahara, akasahau ng'ombe ya babake."

"Watu gani?"

"Watu."

Hao watu, jamani, wamewatesa wengi, na hakuna anayejua wanakoishi.

Jumamosi moja asubuhi Soila aliona boma limenyamaza sana. Akaenda kutazama. Alimkuta ng'ombe amelala chini, na Koinet ameketi kando yake, ameegemea mbavu zake.

"Simama basi, chai iko tayari."

"Siwezi," Koinet akasema polepole. "Miguu imekataa."

Soila alimwita Parsaoti kwa sauti yote aliyokuwa nayo. Jirani akaja mbio. Wakamnyanyua mwalimu, mmoja huku, mwingine kule, wakamlaza kitandani. Kisha Soila akampigia simu Phylis Nthenya, muuguzi wa dispensari, ambaye husali naye kanisa moja.

Phylis alipofika alimpima presha. Ilikuwa juu.

"Mwalimu, unalala saa ngapi?"

"Nikimaliza kazi."

"Na unamaliza saa ngapi?"

Soila akamjibia, "Hamalizi."

"Basi nisikize," Phylis akasema. "Wakati wa shida ndipo mwili unataka chakula na usingizi zaidi. Usipolala, hasira inatangulia na akili inabaki nyuma. Kazi ya shule imalizie shule. Kula na watoto wako, ukiwa umekaa. Lala masaa saba. Siku moja kwa wiki, pumzika. Na shida ikikulemea, sema. Kama huzuni haitoki wiki mbili, ama unaanza kufikiria kufa, kuja dispensari siku hiyo hiyo. Hiyo si aibu, ni ugonjwa na tunautibu. Jumatatu nitapima hii presha tena."

"Na ng'ombe je?" Koinet akauliza.

Parsaoti akakohoa, akatazama chini. "Mwalimu, hata mimi niko na nane hawasimami. Niliona haya kukuita. Nilidhani wewe unaweza."

Soila alicheka hadi akashika mbavu. Wanaume wawili, ua mmoja katikati, kila mmoja anavunjika mgongo kwa kumwonea mwenzake haya!

Koinet alipopata nguvu, walianza kuinua pamoja, boma hili kisha lile. Mmoja alishika mkia, mwingine pembe, na wake zao wakapitisha mti chini ya tumbo. Kazi ya saa mbili ikawa ya nusu saa. Jumapili ndugu za Parsaoti walishika zamu, na Koinet akapumzika.

Jioni aliketi kula na watoto. "Nilikufokea bure, mama," alimwambia Rachel. "Nisamehe." Rachel alimtazama kwanza. Kisha akasogea karibu naye, na sahani yake. Baada ya wiki chache presha ilishuka.

Si ng'ombe wote waliopona. Alipokufa yule ng'ombe ambaye babake alimpa, Koinet alilia mbele ya Soila bila kujificha. Soila alikaa naye mpaka akatulia, wakaenda kula.

Mwisho wa mwaka mvua ilinyesha. Majirani walikuja kutoa pole. Mgeni mmoja akatikisa kichwa. "Kumi na wanne wameenda, Mwalimu. Labda ungejikaza zaidi kidogo."

Mamake Koinet, bibi mzee sana, alikuwa ameketi pale anakunywa chai.

"Ng'ombe waliobaki watazaa," akasema. "Huyu angekufa, mimi na meno haya mawili ningemzaa tena vipi?"

Soila akainuka kumwongezea mama chai.